Askari wa Risasi

Baba aliyeyusha betri ya lori kwenye sufuria ya uji,
na mama ameisusa sufuria ile hadi kesho.
Nyuma ya karakana yetu pale Njoro
alimimina, akasubiri, akaipasua kalibu ya udongo
kama mtu anayemenya yai la moto.
Askari mmoja. Urefu wa kidole cha shahada. Hana pua.
"Pua atapewa akipanda cheo," baba alisema.

Lugha yetu ina mzaha wake:
risasi ndiyo iuayo,
na pale mezani kwetu
risasi ndiyo iliyouawa.

Mchezo wenyewe aliupata uvunguni.
Aliitwa na Kiriako, Mgiriki wa kahawa kule Kibosho,
kutengeneza meza iliyovunjika mguu katikati ya vita.
Wageni hawakutaka kusimamisha vita.
Basi baba akawa mguu,
saa tatu nzima, amepiga magoti, bega chini ya ubao,
akisikia dadu zikibingirika juu ya kichwa chake,
na wazungu wakihesabiana maiti kwa inchi.
Alizijua kanuni zote kabla hajauona uwanja.

Shamba lilipotaifishwa, Kiriako aliondoka na majeshi yake sandukuni.
Meza akaiacha.

Alhamisi usiku, basi.
Tesha wa posta. Jivraj, aliyeleta makopo ya rangi
yaliyobaki masalio dukani kwake.
Mwalimu Foya wa jiografia, aliyetueleza
kwamba mchezo huu ulikuwa darasa la maofisa wa Prusia,
vita vya mchanga juu ya meza,
kisha ukawashukia watoto wa matajiri,
kisha ukapanda tena kwa watu wazima wasio na haya.
"Kama sisi," akasema Tesha.
"Na wanafunzi wa darasa lile," akasema Foya,
"walifika hapa Moshi kwa reli."
Pakawa kimya. Jivraj akatupa dadu.

Mimi nilishika daftari na futi ya cherehani ya mama.
Askari wa miguu, inchi sita. Farasi, kumi na mbili.
Nyasi zetu zilikuwa unga wa mbao uliopakwa kijani;
walipigana tembo gani sijui, hazikuumia.

Hadi usiku wa vilima vya Reata, vita vya mwaka kumi na sita.
Foya aliitazama meza, akauliza:
"Babu yangu yuko wapi?"
Tukatafuta. Alikuwa mpagazi.
Kanuni haikuwa na ukurasa wake.
"Mpagazi anatupa dadu ngapi?" akauliza Jivraj.
"Hatupi. Hutupiwa."

Wiki nzima baba alikata bunduki mikononi mwa askari,
akawatwisha kila mmoja punje ya kahawa kichwani,
kwa gundi ya mbao,
mzigo mkubwa kuliko kichwa.
Kanuni mpya ikaandikwa kwa mkono wangu:
jeshi lisilo na wapagazi halisogei.
Alhamisi ile, hadi saa nne usiku, hakuna aliyefyatua hata bunduki moja.
Tulihesabu maji. Tulihesabu unga. Tulihesabu kuhara.
Tesha alisinzia.
Foya alikuwa akicheka na kufuta miwani, akicheka na kufuta miwani.

Kaka yangu Aminieli alipokwenda Kagera
baba aliifunika meza kwa shuka.
Hakuna aliyekuja Alhamisi, wala hakuna aliyeambiwa asije.
Aliporudi, kaka aliinua upindo wa shuka,
akatazama kwa muda wa kutosha chai kupoa,
akamchukua mpagazi mmoja, akamtia mfukoni.
Hakucheza. Hakuulizwa.

Sasa nashona sare za shule, Barabara ya Soko.
Futi ni ileile. Penye inchi ya sita
pana alama ya wino isiyotoka.
Kila sketi ninayopima, kidole changu
husimama pale kidogo,
kinasubiri zamu yake.